Ganda laini la korosho, pipa la chuma na kipimo kisichoona: uchambuzi wa kisa cha Mtwara

Sampuli ilifika maabara ndani ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, nyeusi kama wino wa muhuri, na chini yake mashapo mazito kama tope la mto. Wenyewe waliita dondoo. Kikundi cha wabanguaji wa korosho wa Mtwara Vijijini, upande wa kuelekea Msimbati, kilichemsha kilo 5 za ganda laini, lile jekundu linalofunika kiini, kwa ajili ya mnunuzi wa Dar es Salaam anayetengeneza vipodozi. Mnunuzi alitaka vitu viwili: dondoo ya rangi nyekundu ya udongo, na karatasi ya maabara inayoonyesha flavonoidi, kundi la kemikali za mimea. Rangi wameiona nyeusi. Karatasi nayo ilirudi ikisema flavonoidi ni haba, pungufu hata ya majani ya mlonge yaliyopimwa siku hiyohiyo.

Aliyekwenda kuwasomea majibu alipokewa na mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo, akiwa na ungo wa maganda mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu chukua ganda hili, tafuna kidogo. Linakufanyaje?"

Linakausha ulimi, linakaza fizi, mate yanagoma.

"Sasa ukakasi wote huo, karatasi inasema hamna kitu?"

Swali hilo ndilo lililofungua kisa. Ukakasi ni tanini, na tanini za ganda la korosho zimejengwa kwa matofali ya katekini na epikatekini, ambazo ni flavonoidi. Ulimi ulikuwa sahihi. Ilibaki kujua kosa limeingia wapi, jikoni au maabara. Lilikuwa limeingia kote kuwili, na ndiyo sababu kisa hiki kinafaa kuelezwa kirefu.

Mali ghafi

Korosho ghafi hupikwa kwa mvuke, hupoa, hubanguliwa kuondoa ganda gumu, kisha kiini hukaushwa kwenye tanuri kwa nyuzi 70 hivi, saa sita hadi nane, ili ganda laini liachane nacho wakati wa kumenya. Ganda hilo ni asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa korosho ghafi, yaani gunia la kilo 80 hutoa kilo moja na nusu hadi mbili na nusu hivi. Katika viwanda vidogo huishia kwenye moto au kwenye banda la kuku. Kwa wingi wa tanini zake limewahi kutumika hata kulainisha ngozi za wanyama.

Hatari yake ni jirani yake. Ganda gumu lina mafuta makali ya asidi ya anakadi na kadoli, yaleyale yanayobabua mikono ya wabanguaji wasiojipaka majivu au mafuta. Ganda laini likizolewa sakafuni pamoja na vipande vya ganda gumu, mafuta hayo huyeyuka ndani ya alkoholi na kuingia kwenye dondoo. Kwa bidhaa ya kupaka usoni hilo peke yake linatosha kuharibu biashara. Tena yana hila: nayo ni fenoli, ukoo mpana ambamo tanini na flavonoidi nazo zimo, kwa hiyo kipimo cha fenoli zote kinaweza kupanda na dondoo chafu ikaonekana bora kuliko safi. Anayejivunia namba kubwa ya fenoli aulizwe kwanza ganda lake alilizoa wapi.

Ganda la kikundi hiki lilikuwa na kasoro hiyo, ila kidogo. Kulikuwa pia na chembe za kiini. Kiini cha korosho karibu nusu yake ni mafuta, na chembe hizo huifanya dondoo inuke uvundo baada ya wiki chache.

Pipa na kisima

Walichemsha kwenye nusu pipa la chuma, maji ya kisima, moto wa kuni, saa tatu. Hakuna aliyekosea kwa uzembe. Ndivyo kila kitu kingi kinavyochemshwa, kuanzia maji ya msibani hadi pilau ya shughuli. Ila kwa tanini, chuma ni adui wa kwanza. Ayoni za chuma hushikana na zile jozi za hidroksili zilizokaa ubavu kwa ubavu kwenye pete ya katekini, na zao lake ni rangi ya samawati iliyokoza hadi weusi. Wino wa kale ulitengenezwa hivyohivyo. Jozi hizo za hidroksili ndizo zinazofanya kazi ya antioksidanti, yaani kuzuia uharibifu wa oksijeni, kwa hiyo chuma kinapozikamata kinaondoa rangi njema na kazi kwa pamoja.

Jambo hili lilionyeshwa palepale uwanjani. Ganda kiganja kimoja liliwekwa kwenye bilauri ya kioo, likamiminiwa maji ya mvua ya moto. Baada ya dakika kumi maji yakawa mekundu kama chai ya rangi iliyokolea. Ukadumbukizwa msumari wenye kutu. Uzi wa kijivu ukaanza kushuka kutoka kwenye msumari, ukatanda chini, na kabla ya robo saa bilauri yote imekuwa rangi ya sampuli iliyopelekwa maabara. Mama hakuhitaji maelezo zaidi kuhusu pipa.

Maji ya kisima yalikuwa na kosa lake. Visima vingi vya pwani vina maji magumu yenye baikaboneti. Yakichemka, hewa ya kaboni dioksidi hutoka na maji huelekea upande wa magadi. Katekini hutulia vizuri kwenye pH ya 4 hadi 5. Ikivuka 7 huanza kuungana na oksijeni na kugeuka kahawia, na joto huharakisha. Saa tatu za moto mkali, mdomo wa pipa ukiwa wazi, ni kama kuialika oksijeni ndani.

Kujua kama maji yako yana chuma hakuhitaji maabara: pika chai ya rangi ya majani mengi kwa maji safi ya chupa, ipoe, uimimine nusu kwa nusu na maji ya kisima. Ikiwa ya kijivu au nyeusi, maji hayo yaache. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye simtanki safi la plastiki, mvua ya kwanza ya kuosha bati ikiwa imemwagwa, yanafaa kuliko ya visima vingi.

Kosa la karatasi

Upande wa maabara, kipimo kilichotumika kilikuwa cha alumini kloridi kinachosomwa kwa mwanga wa nanomita 415, kwa kulinganisha na kwasetini, flavonoidi mojawapo. Ni kipimo cha kawaida kabisa, na hapo ndipo mtego ulipo. Alumini hutoa rangi ya manjano inaposhikana na flavonoidi yenye kundi la keto kwenye kaboni ya nne, pamoja na hidroksili jirani. Kwasetini inalo. Flavonoidi za majani ya mlonge, nyingi zikiwa za ukoo wa kwasetini na kaempferoli, zinalo. Katekini na epikatekini hazina keto hiyo kabisa. Ukizipima kwa 415 hazionekani, kama mtu anayehesabu mbuzi kwa kusikiliza wanaobweka.

Kwa hiyo mlonge kushinda ganda la korosho hakukuwa na maana yoyote. Mtu anayepeleka sampuli ya ganda la korosho, chai, kakao au gome la mti wenye ukakasi aombe kipimo cha vanilini na asidi, kinachosomwa nanomita 500 kwa kulinganisha na katekini. Kipimo cha alumini chenye nitriti na sodiamu haidroksaidi kinachosomwa 510 nacho huziona katekini, ila huona na fenoli nyingine zenye jozi ya hidroksili, kwa hiyo namba yake isomwe kwa tahadhari.

Makosa mawili yakikaa juu ya mwenzake, huwezi kujua lipi limekula kiasi gani mpaka uyatenganishe. Gramu 5 za ganda kutoka gunia lilelile zililowekwa kwenye chupa ya kioo na mililita 50 za ethanoli ya asilimia 70, usiku mzima, gizani. Kisha dondoo hii safi na ile nyeusi ya pipa zikapimwa zote mbili, kwa 415 na kwa vanilini. Dondoo safi ilitoka haba kwa 415, kama nyeusi. Hapo kosa la kipimo likathibitika. Kwa vanilini, safi ilipaa na nyeusi ikabaki chini ya nusu yake, kwa gramu ileile ya ganda kavu. Hapo likathibitika kosa la pipa. Kama wangebadilisha kipimo tu bila kuangalia jiko, namba ingepanda, kila mtu angefurahi, na nusu ya mali ingeendelea kupotea kimyakimya.

Neno "kavu" hapo lina uzito. Ganda la Mtwara wakati wa masika hunyonya unyevu. Kilo 5 zenye unyevu wa asilimia 12 ni kilo 4.4 tu za ganda, na asiyefanya hesabu hiyo hulaumu njia kwa kosa la hewa.

Njia iliyorekebishwa

Ganda hukusanywa mezani pa kumenyea, halizolewi sakafuni. Hupepetwa kwa ungo, vipande vya ganda gumu huokotwa kwa mkono wenye glavu, na chembe za kiini hutenganishwa kwa chekecheo. Halafu hutwangwa au kusagwa hadi saizi ya majani ya chai yaliyovunjika. Usilisage kuwa unga kabisa: unga huziba chujio, na utakaa siku nzima unangoja matone.

Kwa kilo 1 ya ganda, andaa lita 10 za ethanoli ya asilimia 70. Kama unayo ya asilimia 96, pima lita 7.3, kisha ongeza maji ya mvua yaliyochujwa mpaka alama ya lita 10. Usipime lita 2.7 za maji kando na kuzimwaga, kwani alkoholi na maji vikichanganyika ujazo hupungua kidogo. Tia gramu 10 za asidi ya sitriki, ile inayouzwa kama chumvi ya limau, ili pH ishuke.

Kwa nini asilimia 70 na si 96? Maji hulainisha na kuvimbisha ganda, na tanini ndefu huyeyuka vizuri zaidi kwenye mchanganyiko. Alkoholi kali peke yake huacha nyingi ndani, na huvuta zaidi mafuta usiyoyataka.

Spiriti ya dukani iliyotiwa rangi haifai, ina methanoli. Kulikuwa na pendekezo la kutumia nipa, yaani gongo, ya mabibo, maana kusini haikosekani. Mbali ya kwamba ni haramu kisheria, nguvu yake hubadilika kila mtungi, na imepita kwenye mabomba ambayo hakuna ajuaye ni ya chuma gani. Ni lile pipa limerudi kwa mlango wa nyuma.

Ganda na ethanoli huwekwa kwenye ndoo ya plastiki ngumu yenye mfuniko wa kubana, au chombo cha stenlesi, kivulini, saa 24. Hutikiswa mara nne au tano. Maabara nyingi hupasha hadi nyuzi 50 au 60 kumaliza kwa saa moja na nusu, lakini kwa kikundi cha kijijini kuloweka bila moto ni bora. Mvuke wa ethanoli ya asilimia 70 hushika moto kuanzia nyuzi 17 hivi, na Mtwara hata usiku wa Julai hauendi huko. Maana yake, ndoo iliyofunuliwa wakati wowote ina mvuke unaoweza kulipuka kwa kiberiti, kibatari au swichi yenye cheche. Jiko liwe jengo jingine kabisa.

Siku ya pili, chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, kamua. Makapi yarudishwe na lita 6 za ethanoli mpya ya nguvu ileile, saa 12, uchuje tena. Mara ya tatu hailipi gharama ya alkoholi.

Kuirudisha alkoholi ndiko kunakoamua faida, na ndiko kunakotaka mtu aliyefundishwa. Dondoo huwekwa kwenye mtungi wa stenlesi uliozama kwenye maji ya moto yanayopashwa kwa umeme, mvuke ukipita kwenye koili iliyopozwa na kuishia kwenye chombo kilichofungwa vizuri chenye tundu la kupumulia lililoelekezwa nje. Mchanganyiko huu huchemka karibu na nyuzi 80. Ethanoli inayorudi ni kali kuliko iliyoingia, kwa hiyo hupimwa na kupunguzwa tena hadi 70. Kipima alkoholi cha kawaida kimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20. Kikitumika kwenye kimiminika cha nyuzi 30 husoma juu kwa pointi tatu au zaidi, na kikundi kinachoamini namba hiyo kitaongeza maji kupita kiasi kila mzunguko, hadi ladha ya kazi ibadilike bila mtu kujua sababu.

Kinachobaki mtungini ni kimiminika kizito chekundu. Kimwage kwenye trei za stenlesi, unene usiozidi milimita 3, ukaushe kwa kikaushio cha nyuzi 50. Jua la moja kwa moja halifai: mwanga na hewa huirudisha kazi ya pipa. Dondoo hii hunyonya unyevu kwa ulafi na kunata. Ukiongeza wanga wa muhogo gramu 20 kwa kila gramu 100 za dondoo kavu, unga hausongamani. Ila wanga huo lazima uandikwe kwenye lebo, na uondolewe kwenye hesabu ya flavonoidi. Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha mwanga, imefungwa kwa joto, siku hiyohiyo.

Kupima kazi, si jina tu

Mnunuzi alitaka pia kipimo cha antioksidanti, na kilichochaguliwa ni cha DPPH, kemikali ya zambarau inayobadilika rangi ikikutana na antioksidanti. Miligramu 3.94 za DPPH kwenye mililita 100 za methanoli hutoa mchanganyiko wa zambarau wa milimola 0.1 kwa lita. Ukitia dondoo na kungoja dakika 30 gizani, antioksidanti huipa DPPH hidrojeni, na zambarau hugeuka manjano. Usomaji ni wa nanomita 517. Kama chupa isiyo na dondoo inasoma 0.90 na yenye dondoo 0.27, tofauti ni 0.63, ambayo ni asilimia 70 ya 0.90.

Penye dondoo ya rangi, lazima uwepo usomaji mwingine wa dondoo na methanoli bila DPPH, nao upunguzwe kutoka kwenye ule wa kwanza. Dondoo nyeusi ya pipa ilikuwa inajiongezea usomaji kwa weusi wake wenyewe na kuonekana dhaifu kuliko ilivyo. Bila hatua hiyo ndogo, kungekuwa na kosa la tatu.

Mwilini ni habari nyingine

Asilimia 70 ya bomba la kioo haimaanishi asilimia 70 ya kitu chochote mwilini. Katekini inapomezwa, sehemu kubwa hubadilishwa na ukuta wa utumbo na ini, tanini ndefu hufika kwenye utumbo mpana na kukatwakatwa na bakteria, na kinachofika kwenye damu ni kidogo na chenye umbo jingine. Kwa sababu ya aina hiyo, Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 2012 iliondoa orodha yake ya vyakula iliyopangwa kwa nguvu za antioksidanti za maabara: namba zilikuwa zinatumiwa vibaya kuuzia bidhaa.

Haimaanishi hakuna faida. Mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali kwamba miligramu 200 za flavanoli za kakao (katekini na ndugu zake) kwa siku husaidia mishipa ya damu kutanuka. Jaribio kubwa la COSMOS la Marekani, lililotangazwa 2022 na kuhusisha zaidi ya watu 21,000 wenye umri mkubwa, liliwapa miligramu 500 za flavanoli za kakao kila siku, 80 kati yake epikatekini. Matukio ya moyo na mishipa kwa jumla hayakupungua kwa kiwango cha kutegemeka, ingawa vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 27, na hilo halikuwa swali kuu la jaribio. Hiyo ni kakao. Ganda la korosho lina molekuli za ukoo huo, lakini halijarithi ushahidi wake.

Na lina madhara yake. Tanini hushika chuma cha chakula tumboni kama ilivyoshika cha msumari. Kwa mjamzito au mtoto mwenye upungufu wa damu, kinywaji cha ganda pamoja na mlo ni hasara tupu. Katekini za chai ya kijani zilizokolezwa kama vidonge, miligramu 800 kwa siku au zaidi za EGCG, katekini kuu ya chai hiyo, zimehusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Mwenye mzio wa korosho asiikaribie kabisa.

Kikundi kilikuwa tayari kimechora lebo: "hutibu presha, kisukari na saratani". Ilifutwa. Maneno ya kutibu huipeleka bidhaa kwenye dawa, ambako TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala watataka ushahidi. Chakula na vipodozi vimo mikononi mwa TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019. Kilichobaki kwenye lebo ni jina, uzito, kiasi cha wanga, tahadhari ya mzio, na katekini kwa kipimo cha vanilini.

Unga wa awamu ya pili ulikuwa wa rangi ya tofali, na mnunuzi aliupokea. Wiki tatu baadaye alipiga simu akilalamika kwamba sabuni zake zimetoka nyekundu, zikawa kahawia, sasa zinaelekea weusi, na kwamba ameuziwa unga wa pipa. Unga ulikuwa uleule mzuri. Sabuni ya mche ina pH ya 9 hadi 10, mbali sana na ile 4 au 5 ambayo katekini huivumilia. Alishauriwa auhamishie kwenye losheni yenye pH ya 5, atumie mwiko wa plastiki, na aangalie kama tangi lake la kuchanganyia ni stenlesi kweli. Kumbe lilikuwa chuma kilichopakwa rangi, na rangi imebanduka pembeni.